Pikipiki Imepata Ajali Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Gharama za Matengenezo na Mkadiria wa Bima

Maswali haya tunayasikia gerejini Ngamiani karibu kila wiki, kutoka kwa vijana wa vijiweni Mabawa na Kange, kwa matajiri wenye pikipiki mbili tatu, na kwa watu wa ofisini wanaoendesha wenyewe kwenda kazini. Majibu yanalenga Tanga mjini na wilaya za jirani. Kampuni ya bima hulipa uharibifu ulioonekana na ukathibitika kuwa umetokana na ajali ile ile inayodaiwa. Ndiyo maana majibu mengi hapa yanazungumzia picha, karatasi na subira kabla ya spana.

Nina bima ndogo. Nimeteleza mwenyewe kwenye mchanga, taa na usukani vimekwisha. Nitalipwa?

Hapana. Bima ndogo, ile inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ipo kwa ajili ya mtu uliyemdhuru wewe. Pikipiki yako mwenyewe hutengenezwa kwa bima kubwa tu. Wengi wanaokuja na stika mkononi wakidai "mimi nina bima" wana ndogo, na hapo mazungumzo yanaishia kwenye bei ya fundi.

Nimegongwa na gari. Mimi nina bima ndogo, yeye pia ana bima ndogo. Nani ananitengenezea?

Kampuni iliyokata bima ya gari lile, ikithibitika kwamba kosa ni la dereva wake. Hapa wewe ndiye mtu wa tatu, kwa hiyo bima yake ndogo inakuhusu. Angalia tu kwamba mkataba wake una kikomo cha fidia kwa uharibifu wa mali, na kikomo hicho hutofautiana.

Kwanza piga picha namba ya gari kabla halijasogezwa. Kwa namba hiyo unaweza kuhakiki kwenye mfumo wa TIRA MIS, ambao ni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, ukajua kama bima ipo hai na ni ya kampuni gani. Fanya hivyo siku ile ile. Dereva anaweza kukuambia kampuni nyingine kabisa, wakati mwingine kwa kutojua, kwa sababu gari ni la bosi.

Kisha andika barua ya madai kwa kampuni hiyo, uambatanishe karatasi za polisi, nakala ya kadi ya pikipiki, nakala ya leseni yako, picha na profoma ya gereji, yaani karatasi ya makadirio ya bei. Usisubiri dereva akuandikie, maana hana haraka.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba dereva akishalipa faini ya trafiki, pesa yako imo humo. Faini inakwenda serikalini. Lakini kukubali kwake kosa, au hukumu ya mahakama, ni ushahidi mzuri wa kuambatanisha kwenye madai yako.

Tukimalizana pale pale barabarani, kuna ubaya?

Inategemea kilichovunjika. Saitimira na indiketa moja, malizaneni, kila mtu aende zake. Ila kama gurudumu la mbele limepigwa, mimi nisingepokea pesa barabarani hata kidogo. Shokapu iliyopinda kidogo haionekani kwa macho ya mtu aliyetoka kuanguka. Utaigundua siku ya tatu unapopita Pongwe kwa mwendo wa kawaida na usukani unatetemeka, na wakati huo yule bwana ameshafika Korogwe na simu hapokei.

Mkiamua kumalizana, andikeni: majina, namba za vyombo, kilichoharibika, kiasi kilicholipwa, na kwamba malipo hayo ni ya vitu vilivyotajwa tu. Na ikiwa wewe ndiye mwenye kosa na una bima, usiandike popote kwamba utalipa. Mikataba mingi ya bima inakukataza kukubali dhima au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na karatasi hiyo moja inaweza kukukosesha haki yako.

Polisi nitapata karatasi zipi?

Kwa madai ya chombo, kampuni huulizia PF 90, ambayo ni taarifa ya polisi kuhusu ajali, PF 93 ya ukaguzi wa chombo, na PF 115, pamoja na ramani ya ajali iliyochorwa na askari. Majeruhi anahusika na PF 3, ile anayokwenda nayo hospitali. Ukiumia, tangulia Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, chuma kitasubiri.

Ajali huripotiwa kituo cha eneo ilipotokea. Ukiangukia Muheza, usirudi kuripoti Chumbageni kwa sababu ndiko unakoishi.

Nipige picha zipi?

Hapa ndipo madai mengi ya Tanga yanapopotea, na sababu ni bahari. Chuma kilichopinda au kukwaruzwa leo kinang'aa, ni cheupe. Mkadiria, yule anayetumwa na kampuni kukagua uharibifu, akiona mng'ao huo anajua jeraha ni jipya. Kwa hewa yetu ya chumvi, tena ukiwa unalaza pikipiki nje Sahare au Raskazone, mng'ao huo haukai. Kipindi cha masika siku mbili tatu zinatosha ukawa na rangi ya kahawia. Mkadiria akija wiki ya pili anakuta kutu kwenye fremu, kutu kwenye shokapu, kutu kwenye ekzosi, naye anaandika kwamba uharibifu ni wa zamani. Si lazima awe na nia mbaya. Anaandika anachokiona.

Kwa hiyo piga picha saa ile ile, simu ya kawaida inatosha. Anza na pikipiki nzima pande zote nne, namba ya usajili ikionekana, na mahali pa ajali pakionekana nyuma: nguzo, duka, alama ya barabara, chochote kinachotambulisha eneo. Kisha sogea karibu kila palipopigwa. Piga namba ya chasisi kwenye shingo ya fremu, namba ya injini, na dashibodi inayoonyesha kilomita. Halafu piga na sehemu ambazo hazikuumia. Watu wanashangaa nikisema hivi, lakini picha ya upande wa kushoto ulio mzima ndiyo inayothibitisha kwamba pikipiki ilikuwa inatunzwa.

Picha zitume siku hiyo hiyo kwa wakala wako kwa WhatsApp. Ujumbe una tarehe na saa, na tarehe hiyo itakusaidia mbele ya safari.

Ukishamaliza picha, paka grisi au oili nyepesi kwenye chuma kilichochubuka ili kutu isiendelee. Hilo haliitwi matengenezo. Kubadilisha kitu ndiko kunakokatazwa kabla ya ukaguzi.

Mkadiria hasara ni nani, na yuko upande wa nani?

Ni mtaalamu anayetumwa kuangalia uharibifu, chanzo chake na gharama yake, kisha anaiandikia kampuni ripoti. Vijana wanamwita asesa. Kampuni ndiyo inayomtuma na ndiyo inayomlipa, kwa hiyo usimtarajie akutetee. Lakini si adui pia. Ana fomu ya kujaza, na mahali usipompa taarifa anajaza kwa makadirio yake.

Mpokee na fundi akiwepo. Fundi aonyeshe kwa kidole: hapa pamepinda, hapa panavuja, hili gurudumu likizungushwa linayumba. Mwombe mkadiria apige picha kila kitu kinachoonyeshwa. Asipopiga, piga wewe, yeye akiwa pale. Hadithi ya ajali ieleze kama ulivyoieleza polisi, bila kuongeza chumvi. Ukisema uligongwa kulia na uharibifu wote uko kushoto, mpe sababu: uligongwa kulia, ukaangukia kushoto. Wengi wanasahau kusema walikoangukia.

Mkadiria ameomba "ya soda" ili aandike vizuri. Nimpe?

Usimpe. Iandikie kampuni iliyomtuma, na TIRA pia, ambao ndio wanaowasajili.

Fundi wangu ameandika 780,000, mkadiria ameandika 460,000. Nani mwongo?

Huenda hakuna. Weka karatasi mbili pamoja, mstari kwa mstari, utaona tofauti imetoka wapi.

Kwanza ni spea. Fundi kaandika bei ya spea halisi, mkadiria kaandika ya mbadala. Kwa pikipiki kama Boxer na TVS, ambazo zimejaa hapa mjini, kitu kimoja kinaweza kuwa na bei tatu kwenye duka moja. Kama pikipiki yako ilikuwa na spea halisi, na picha zinaonyesha, dai halisi. Kama ilikuwa na taa ya mbadala tangu mwaka jana, usidai halisi, maana ataiona tu.

Pili ni uchakavu. Tairi lililopasuka likiwa limebakiza nusu ya kashata, kampuni haikulipi tairi jipya zima. Tuseme jipya ni 70,000, wanaweza kuandika 35,000. Ndivyo ilivyo pia kwa cheni, sproketi, betri na breki. Taa, madigadi na tenki havipaswi kukatwa kwa kiwango hicho hicho, na hapo ndipo pa kubishana.

Tatu ni kubadilisha au kunyoosha, ambalo nalijibu peke yake hapa chini.

Nne ni ufundi. Mafundi wetu wengi huandika "ufundi 150,000" mstari mmoja, basi. Mkadiria anakata kwa sababu haelewi ni kazi gani. Fundi aandike: kufungua na kufunga shokapu, kupangilia gurudumu la mbele, kubadilisha usukani na waya zake, kila kazi na bei yake. Ikiandikwa hivyo, kuikata kunahitaji sababu.

Tano ni VAT. Gereji iliyosajiliwa inaongeza asilimia 18, na kwenye kazi ya 600,000 hiyo ni 108,000. Fundi wa chini ya mwembe hana VAT wala mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na kampuni nyingi hazipokei karatasi ya mkono isiyo na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Kabla hujachagua gereji, uliza kama wanatoa profoma na risiti ya EFD. Fundi wa mwembeni anaweza kuwa hodari kuliko wote mjini, na bado madai yakakwama kwake.

Ukishaona tofauti, jibu kwa barua fupi inayotaja mistari unayoipinga tu. Barua ya "sijaridhika" haina kazi. Ya "namba 4 mmeandika kunyoosha shokapu ya kushoto, ombi letu ni kubadilisha, picha na maelezo ya fundi yameambatanishwa" inamlazimu mtu kujibu.

Shokapu na fremu: kunyoosha au kubadilisha?

Shokapu ya mbele ina bomba la chuma lenye uso laini linaloteleza ndani ya lingine. Likipinda na kunyooshwa kwa presi linaweza kuonekana zuri, lakini likibaki na upindo mdogo sana, sili itakatika na oili itavuja. Tena chuma kilichowahi kupinda ni rahisi kupinda tena pale pale. Kulikagua ni rahisi: chomoa bomba, livingirishe juu ya kioo kinene. Likicheza, limepinda. Mfanyie mkadiria jaribio hilo mbele yake, hakuna maneno yanayolishinda. Msimamo wangu ni kwamba bomba lililopinda hubadilishwa. Mtu anapakia abiria na kushuka mteremko wa Soni kwa breki ya mbele, hapo pa kubana matumizi hapapo.

Fremu ni suala jingine. Mikunjo midogo ya sehemu ya nyuma, pale inapokaa siti, hunyooka vizuri. Shingo ya fremu ikipigwa, au gurudumu la nyuma halifuati la mbele ukipima kwa uzi ulionyooka, hapo usikubali nyundo. Kumbuka pia kwamba namba ya chasisi imegongwa kwenye fremu yenyewe. Kubadilisha fremu kunagusa usajili, na mabadiliko lazima yafike TRA, la sivyo kadi na chombo havitafanana na siku moja trafiki atakushika. Kwa gharama hiyo, kampuni nyingi huona bora zilipe hasara kamili, yaani thamani ya pikipiki nzima badala ya matengenezo.

Pesa nitakayopewa inahesabiwaje?

Huu ni mfano wa hesabu tu. Pikipiki yako ina thamani ya 3,000,000. Ulipokata bima kubwa uliandika 2,000,000 ili ada iwe ndogo. Umepata uharibifu wa 600,000 uliokubaliwa. Kwa kuwa uliikatia theluthi mbili ya thamani, mkataba wenye kifungu cha bima pungufu utakulipa theluthi mbili ya uharibifu, yaani 400,000. Toa kiasi ambacho mkataba unasema unakibeba mwenyewe kila ajali, tuseme 100,000. Mkononi unabaki na 300,000, na fundi anasubiri 600,000.

Kiasi hicho cha kubeba mwenyewe, ambacho maofisini wanakiita eksesi, kiulize siku ya kukata bima. Kwa pikipiki kinaweza kuwa kikubwa kiasi kwamba ajali ndogo haina maana kuidai.

Fundi amefungua injini akakuta ufa ambao mkadiria hakuuona.

Kazi isimame hapo hapo. Usiunganishe, usichomelee. Piga picha, mpigie mkadiria, kisha tuma makadirio ya nyongeza kwa maandishi. Kampuni ikikubali inaongeza, au inamrudisha aje aone. Ukitengeneza kwanza kisha ukadai, utaambiwa hakuna aliyeona ufa, na watakuwa sahihi. Kwa pikipiki iliyoangukia upande, mwambie fundi tangu mwanzo akague kava la klachi au la magneti, pedeli ya gia ilivyokaa, na mkono wa gurudumu la nyuma.

Pikipiki ni ya tajiri, mimi niko kwenye mkataba. Nani anadai?

Mwenye jina kwenye bima. Wewe uliyekuwa unaendesha utaandika maelezo ya ajali na kutoa leseni, lakini fomu ya madai husainiwa na mwenye bima na hundi hutoka kwa jina lake. Ikiwa pikipiki imenunuliwa kwa mkopo na mkopeshaji ametajwa kwenye bima, yeye hulipwa kwanza.

Ugomvi hutokea kwa sababu mikataba ya kijiweni, mingi ya karatasi moja iliyosainiwa kwa mwenyekiti wa mtaa, haisemi lolote kuhusu ajali. Kijana amelipa miezi 10 kati ya 14, pikipiki inakufa, tajiri analipwa na bima, kijana anabaki na picha. Nimeona watu wa mtaa mmoja wakiacha kusalimiana kwa hili. Kabla ya kuanza kulipa, andikeni mistari mitatu: eksesi inalipwa na nani, hesabu, yaani pesa anayopelekewa tajiri, inasimama au haisimami pikipiki ikiwa gereji, na ikifa kabisa, fidia inagawanywaje kulingana na kilichokwisha kulipwa. Tajiri akikataa kuandika, umeshajua unafanya biashara na mtu wa namna gani.

Hesabu ya siku zilizopotea, kwa kawaida bima ya chombo haiilipi.

Bima imeandikwa matumizi binafsi, lakini jioni napakia abiria.

Ukipata ajali ukiwa na abiria wa kulipa, kampuni ina sababu ya kukataa. Badilisha aina ya bima, hakuna ujanja mwingine. Mishikaki pia inakuponza: abiria wawili nyuma wakiandikwa kwenye taarifa ya polisi, utakuwa na kazi ya kueleza. Leseni iliyokwisha muda ni hivyo hivyo.

Pikipiki iko Pangani, mkadiria anasema nisubiri.

Uliza kwa maandishi kama unaruhusiwa kuisogeza hadi Tanga mjini na nani analipa usafiri. Jibu likija, hifadhi. Risiti ya kirikuu kilichoibeba ihifadhi pia.

Wamesema hasara kamili. Nikubali?

Uliza thamani waliyotumia wameipata wapi, na wamekata uchakavu kiasi gani. Leta bei za pikipiki za aina na umri huo zinazouzwa sasa. Ukikubali, utakabidhi kadi, funguo na mabaki. Ukitaka kubaki na mabaki, thamani yake hukatwa kwenye malipo. Kwa fundi hilo linalipa, kwa mtu mwingine sidhani.

Nimebishana, hawasikii. Niende wapi?

Anza na malalamiko ya maandishi kwa kampuni yenyewe, utunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Baada ya hapo kuna TIRA, na kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huko kote watakuuliza karatasi. Usisaini hati ya kukubali malipo kuwa ya mwisho huku ukisema utadai nyingine baadaye, maana ukishasaini madai yamefungwa. Isome kwanza, na ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza tafuta mtu akusomee.

Spea mbovu zilizotolewa nizitupe?

Bado. Kampuni ikishakulipa shokapu mpya, ile iliyopinda inaweza kuihitaji, na mkadiria anaweza kurudi kuangalia kama kweli imebadilishwa. Mwambie fundi aziweke kwenye kiroba kimoja, aandike namba ya pikipiki juu yake, wapita njia wa chuma chakavu wasije wakazibeba. Ukishalipwa, iulize kampuni kwa ujumbe kama wanazitaka. Wakisema hawazitaki, ziuze.